Kilomita za Chai

Ami yangu hamuulizi mwanamume kabila lake wala kazi yake kabla hajamuuliza anabadilisha oili ya gari kila baada ya muda gani. Mengine hufuata, kama mtu atafika huko. Huyu ami ni mdogo wake baba, na tangu baba afariki nikiwa bado nasoma, yeye ndiye mlezi wangu na ndiye walii wangu. Bila neno lake mimi siolewi. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwa nini, Jumamosi ile ya posa yangu, mimi mtu mzima mwenye kazi, leseni na funguo zangu mwenyewe, nilikuwa nimejibanza kwenye dirisha la jiko nikimwomba Mungu kuhusu oili.

Kazi ya ami ni kuuza magari. Anayanunua yaliyotumika hapa Dubai, anayapakia bandari ya Hamriya, yanakwenda Unguja na Dar es Salaam. Kutwa nzima anafungua maboneti ya watu. Anafungua kifuniko cha oili, anakitazama kwa ndani, anakinusa. Anachomoa kijiti cha kupimia, anakifuta kwa kitambaa kinachokaa mfukoni mwake daima, anakirudisha, anakichomoa tena, anakiinua kwenye mwanga. Kisha anakuambia habari za mwenye gari kana kwamba walisoma chuo kimoja. Huyu ni mvivu. Huyu anapenda kuonekana. Huyu alikuwa mzuri, kaoa vibaya. Nimekua nikimsikia, na sikumbuki hata siku moja akiwa amekosea, jambo ambalo linachosha sana ndani ya nyumba.

Kuhusu oili ana msimamo, na msimamo huo tulilishwa pamoja na uji. Kitabu cha gari kinasema ubadilishe kila kilomita elfu kumi. "Kitabu hicho kaandika mtu aliyevaa sweta," husema ami. Hapa kuna joto la kuivisha yai juu ya boneti, kuna vumbi la jangwani, kuna foleni za Barabara ya Sheikh Zayed ambamo gari linatambaa saa nzima. Kwa hiyo hapa ni elfu tano, au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Na filta mpya kila mara, hakuna kujadili. Kubadili oili ukaiacha filta ya zamani, kwake yeye, ni sawa na kukoga kisha ukarudia nguo zile zile.

Na zaidi ya hapo kuna kilomita za chai. Hili ni jina lake mwenyewe, na akilitaja huinua kidole. Wakazi wa Dubai wanajua: unasimamisha gari mbele ya kafteria, unapiga honi, anakuja mtu na karatasi, unaagiza karak, ile chai ya maziwa iliyokolea, unasubiri ndani huku kiyoyozi kinapuliza na injini inaunguruma. Ukimaliza unaagiza nyingine. Gari halijatembea hata hatua, namba kwenye dashibodi iko pale pale, lakini injini imefanya kazi jioni nzima. Watu wanaangalia namba wanasema bado, bado sana, na oili imeshakuwa nyeusi. Ami anawachukia watu wa kilomita za chai kuliko anavyowachukia wanaoendesha kwa fujo. Anasema wa fujo angalau anajua kwamba gari lake linachoka.

Kabla ya posa ninayoisimulia palikuja posa nyingine. Mtu wa ukoo mzuri, gari kubwa mpaka likaziba geti la jirani. Ami alimkaribisha, akamnywesha kahawa, akashuka naye kulitazama gari kama anayelistaajabia. Alipofungua kifuniko cha oili, chini yake palikuwa na uchafu mzito, mweusi, unaong'aa kama halua iliyoungua. Akamuuliza swali lake. Yule bwana akajibu kuwa hayo anashughulikia dereva. Ami akafunga boneti polepole, akatabasamu, akasema, "Inshallah." Katika midomo ya watu wengine hilo ni neno la matumaini. Kwa ami yangu, likitoka na tabasamu lile, mtu anaweza kwenda kutafuta mke mtaa mwingine. Mimi sikusikitika, maana bwana yule alizungumza saa mbili bila kuniuliza hata habari yako.

Ndipo akaja kijana wa Muheza.

Tulikutana kwenye lifti Jumeirah Lake Towers, mimi nikienda ofisini kwetu, tunakoshughulikia mizigo ya meli, yeye akienda kukagua viyoyozi vya ghorofa za juu. Nilikuwa kwenye simu na shangazi yangu. Lifti ilikuwa na watu wawili tu, mimi na yeye, na mimi, kwa kuamini kuwa Kiswahili ni siri yangu binafsi, nikamwambia shangazi kuwa nimesimama na mtu mrefu kiasi kwamba nashangaa kichwa hakigusi taa, ila viatu vyake vizuri. Mlango ulipofunguka kwenye ghorofa yake akatoka, akageuka, akasema kwa utulivu, "Viatu nimenunua Deira, dada. Msalimie shangazi." Mlango ukajifunga. Nilitamani lifti ianguke. Kesho yake nilipanda na kushuka ile lifti bila sababu yoyote hadi mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Sikuwa nimepoteza kitu. Nilikuwa nimepata, na sikujua nikiweke wapi. Nilikuwa nacheka peke yangu kwenye metro. Niliungua mkono na pasi nikacheka. Shangazi, ambaye ni dada wa ami na anaishi nasi, alinitazama siku chache tu, akasema, "Ni yule mwenye viatu?" Nikasema ndiye.

Nyumbani kwetu msichana hakai peke yake garini na mwanamume, hilo halihitaji kuandikwa ukutani. Kwa hiyo shangazi akaja nasi. Kijana wa Muheza alikuwa na gari dogo jeupe la Kijapani, kuukuu lakini safi, na ilikuwa kiangazi, kile kiangazi cha Dubai ambacho ukigusa kitasa cha mlango unakiachia. Nje hapakaliki. Kwa hiyo tulisimama Al Qusais mbele ya kafteria, mimi na yeye mbele, shangazi nyuma, kiyoyozi kikipuliza, na tukapiga honi. Shangazi akiagiza karak na paratha ya jibini, akifungua simu yake kusikiliza mawaidha kwa sauti ya juu ili tuamini hasikilizi yetu. Tulizungumza. Mungu wangu, tulivyozungumza. Alinisimulia habari za machungwa ya kwao, za mama yake anayeongea na kuku, za siku aliyofika Dubai akadhani joto lile linatoka kwenye injini ya ndege. Jioni zikapita hivyo, wiki baada ya wiki, injini ikiunguruma chini ya miguu yetu, na kila kikombe kilipoletwa nilikiona kidole cha ami kimeinuka hewani, na nikacheka tena bila kusema kwa nini.

Ami alijua kuwa kuna kijana. Alijua pia kuwa shangazi amemwona na amemridhia. Habari za kafteria hakuzijua. Hakuuliza, nasi hatukusema.

Kijana wa Muheza aliposema anataka kuleta posa, nilifurahi hadi nikakosa usingizi, kisha nikaogopa. Kwa desturi yetu mwanamume haji mwenyewe tu kama anayekuja kusoma mita ya umeme. Anatuma wazee, watu wake. Watu wake walikuwa Muheza. Mama yake alimpigia ami simu, wakasalimiana kwa heshima zote, lakini ami alipokata simu alisema, "Mama ni mtu mwema. Ila huyu kijana hapa ana nani? Akiugua nani atanipigia simu?" Swali lilikuwa la haki. Aliokuwa nao ni wawili waliokuwa wakishiriki naye chumba Al Qusais: Mkenya aliyeendesha gari la kusambaza bidhaa, na Mganda aliyelinda ghala. Hao ndio wakawa washenga. Waliipokea kazi hiyo kwa uzito ambao sijauona hata kwa mabalozi. Mkenya alinunua kofia mpya. Mganda, ambaye ni mlokole na hakuwahi kuona posa ya Kiislamu, alitafuta suti, akaomba aelezwe kila hatua, aketi lini, anyamaze lini.

Nami nikamwonya kijana wangu kuhusu oili. Nilimwambia yote, kifuniko, kijiti, kitambaa, inshallah. Akasikiliza, akarudi chumbani, akawasimulia wenzake. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga.

Inabidi mtu akielewe kile chumba. Mle hakuna aliyewahi kufanya jambo peke yake. Mmoja akisafiri, wenzake wanamnunulia zawadi za kupeleka kwao. Mmoja akifiwa, wote wanaomba ruhusa kazini. Shughuli ya mmoja ni ya wote, na kila mtu anakuja na mchango wake, kama tulivyolelewa pande zote za kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania. Tofauti ni kwamba mchango wa safari hii ulikuwa oili.

Alhamisi kijana wa Muheza alipeleka gari gereji. Akabadilisha oili na filta, akasimama hapo hapo akitazama, akachomoa kijiti mwenyewe. Ilikuwa sawasawa kwenye alama. Akarudi nyumbani ametulia.

Siku iliyofuata Mkenya aliazima gari kwenda dukani. Aliporudi alilisimamisha kwenye mteremko wa kuingilia maegesho ya chini, pua juu, akazima injini na papo hapo akafungua boneti ahakikishe. Sasa oili ya injini iliyozimwa muda huo huo bado iko juu huko, haijashuka, na gari likiwa limeinama kijiti kinasema uongo mtupu. Akaiona iko chini. Akamhurumia mwenzake. Alikuwa na kopo la oili kwenye gari la kazini, akalimimina karibu lote. Hakumwambia mtu, kwa sababu kwa maoni yake jambo jema likitangazwa linageuka kuwa deni.

Jumamosi asubuhi Mganda alipiga viatu rangi, akateremka na chupa mpya ya oili ya bei, akaimimina yote. Yeye hakupima. Baadaye niliwahi kumuuliza kwa nini hakupima, akanitazama kama niliyeuliza swali la kitoto. Mtu akipeleka chakula kwenye harusi, alisema, hafungui kwanza masufuria ya wenyeji aone kama kimejaa.

Nyumbani kwetu Rashidiya, ghorofa ya juu ya villa ya zamani, shangazi alikuwa anakaanga kachori na kunipa masharti. "Ukija kuulizwa, inama. Nyamaza. Kunyamaza ndiko kukubali. Ukiweza kutoa chozi, toa, hata dogo." Nilisema sawa. Ilikuwa Novemba, hewa imepoa, dirisha la jiko tumelifungua kwa sababu ya moshi wa mafuta. Ami alikuwa sebuleni na kanzu iliyonyooka na kofia yake ya viua, na mfukoni mwa kanzu nilikiona kitambaa.

Niliona moshi kabla sijaliona gari. Uliingia mtaani kwetu taratibu, mweupe wenye ubuluu ndani yake, ukajaa kati ya kuta za nyumba.

"Nani anafukiza barabarani?" shangazi aliuliza.

Katikati ya moshi likatokea gari dogo jeupe, likienda kwa adabu, ekzosi ikimwaga wingu. Jirani alitoka getini kwake na mpira wa maji mkononi. Gari likasimama. Wakashuka watatu, wakikohoa kwa zamu: kijana wangu na kanzu nyeupe pe, Mkenya na sinia la halua, Mganda na suti na kisanduku cha udi. Shangazi alisoma kitu kwa sauti ndogo.

Ami hakuwasubiri wapande. Alishuka. Akawasalimu kwa ukamilifu, mmoja mmoja, habari za nyumbani, habari za kazi, habari za wazee, huku macho yakiwa kwenye gari. Kisha akasema, "Hebu fungua boneti, baba."

Boneti likafunguliwa, lakini ami hapimi oili ya moto. Lazima itulie, ishuke. Kwa hiyo wakasimama wanne kwenye uwanja wa mchanga, wakisubiri injini ipumzike. Mkenya alibadilisha mkono wa sinia. Mganda akasema hali ya hewa ni nzuri. Ami akakubali kuwa ni nzuri. Mimi huku juu nilikuwa nimeshika kingo za sinki kwa mikono miwili.

Ami akachomoa kijiti, akafuta, akarudisha, akachomoa tena. Akakiinua. Hata mimi kutoka juu niliona: oili ilikuwa imepita alama ya mwisho, imepanda, karibu inashika vidole vyake.

"Kijana," alisema ami, "hii injini umeipa ya kunywa au ya kuogelea?"

"Ami, nilijaza hadi kwenye alama." "Nimebadilisha juzi, oili na filta. Nilipima mwenyewe."

Mkenya akakohoa, na safari hii haikuwa moshi. "Mzee, samahani. Hiyo ni mimi. Niliipima jana kwa parking nikaona iko chini, nikaongeza kidogo. Sikutaka aaibike."

"Uliipima ikiwa imetoka njiani muda huo huo?"

"Ndio, mzee."

"Na gari limeinama?"

"Limeinama, mzee."

Ami alitikisa kichwa, akarudi kukitazama kijiti. Ni wazi hesabu bado haikumtosha. Hapo Mganda akaweka kisanduku cha udi juu ya paa la gari, akafunga kifungo cha koti.

"Na mimi, ssebo," alisema, kwa neno la heshima la kwao. "Mimi pia nilileta."

"Ulipima?"

"Hapana. Nilileta tu. Ndugu yangu anaoa. Mimi nitakuja mikono mitupu?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye sakafu ya jiko. Shangazi alikuwa ameuma ncha ya mtandio wake na mabega yanaruka, kachori zinaungua. Nilipoinuka tena dirishani, ami alikuwa anatazama mchanga, na nayajua mabega yale pia, alikuwa anacheka. Lakini kicheko cha ami si ndiyo. Alicheka pia na yule bwana wa gari kubwa, tena akamsindikiza hadi getini. Kwa hiyo furaha yangu ilikuwa na tundu katikati, na kwenye tundu hilo lilikuwepo neno inshallah.

"Yalla," alisema ami, akikunja mikono ya kanzu. "Tuipunguze kabla haijavunja kitu."

Jeki, vigogo vya kuegemeza na beseni havikosekani nyumbani kwetu. Watu wengine wana maua. Ami alitandika kadibodi akitaka kuingia chini, kijana wa Muheza akamzuia. "Hapana, ami. Nitaingia mimi." Akaingia, na kanzu yake ile nyeupe pe, mpaka ikabaki miguu tu. Ami akachuchumaa kando ya tairi, akimwelekeza ailegeze bolti taratibu kwa kuwa oili ilikuwa bado ya moto, aifunge tena akiambiwa. Tukaisikia inadondoka kwenye beseni.

Na hapo hapo, akiongea na miguu, ami akauliza swali lake.

"Sasa niambie. Unabadilisha oili kila baada ya muda gani?"

"Elfu tano, ami," sauti ilijibu chini ya gari. "Na filta."

"Kila mtu siku hizi ananiambia elfu tano. Wameshaambizana. Hii ya juzi uliibadilisha kwenye ngapi?"

Mimi nililijua jibu, na nilijua pia linakotupeleka. Useme elfu tano, nilimwambia moyoni, sema tu elfu tano, nani atakwenda kuhesabu.

"Elfu tatu, ami."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa imeshakuwa nyeusi. Nimekuja na filta ya zamani, imo kwenye buti, uitazame."

Hii ni desturi ya kwetu. Kwetu fundi akikubadilishia kitu unaondoka na kile cha zamani, ili ujue kweli kimebadilishwa. Mkenya alikwenda kwenye buti, akarudi na filta kwenye mfuko wa plastiki. Ami akaishika, akaipima mkononi, akaigeuza. Ikadondosha oili nyeusi, nzito, kwenye mchanga.

"Elfu tatu," alisema ami polepole, "na imechafuka hivi. Gari hili limekuwa likisimama injini inawaka."

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Mbele ya kafteria. Al Qusais."

"Likimsubiri nani?"

Kutoka dirishani niliviona vidole vya miguu yake vikijikunja ndani ya makubadhi. Angeweza kusema alikuwa akimsubiri Mkenya atoke kazini, au akimsubiri yeyote. Mkenya mwenyewe alikuwa ameshafungua mdomo, nadhani ili ajitolee.

"Halikuwa likimsubiri mtu, ami. Sote tulikuwa ndani. Mimi na yeye. Na shangazi yake, nyuma. Kiangazi chote."

Mwiko ulimdondoka shangazi. Ami alisimama, akageuka, akainua uso juu. Hatukuwahi kujificha, tulikuwa tumejaa dirishani wote wawili na macho yametutoka. Alinitazama mimi kidogo. Akamtazama dada yake kwa muda mrefu zaidi.

"Na wewe ulikuwa unakunywa chai?"

"Na paratha," alisema shangazi. Shangazi hajui kudanganya kuhusu chakula.

Kicheko chote kiliniishia. Sura ya ami haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. Ilikuwa sura ya mtu aliyeachwa nje ya mlango wa nyumba yake. Huyu ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye viwanja vitupu vya Rashidiya, akinivumilia nilipoangusha ukuta wa jirani. Nilikuwa nampenda kijana wa Muheza kiasi cha kuchekea pasi, na nilikuwa nampenda ami yangu, na kwa dakika ile niliona naweza kuwapoteza wote wawili kwa vikombe vya karak. Nilisubiri tabasamu lile. Nilisubiri neno lile.

Ami alitoa kitambaa mfukoni, akafuta vidole kimoja kimoja, akaigeuza filta mara nyingine.

"Angesema elfu tano," alisema, bila kumwambia mtu yeyote, "nisingejua."

Akamwambia aliye chini afunge bolti. Kisha akainua uso tena, na safari hii alinitazama mimi tu.

"Mwanangu, huyu aliye chini ya gari kaja kukuposa. Unasemaje?"

Shangazi alinifinya ubavuni. Inama, maana yake. Nyamaza. Toa chozi. Walikuwa uwanjani wote: Mkenya ameshika sinia, Mganda amefumba macho na midomo inacheza, jirani na mpira wake wa maji, na ile miguu miwili imelala kwenye kadibodi haitikisiki.

"Namtaka, ami."

Pampu ya maji ya jirani ikawaka saa ile ile, ikalimeza neno langu lote. Ami akaweka mkono sikioni. Shangazi akanifinya tena, zaidi. Kimya kingetosha, kimya kingekuwa adabu, na binti mwenye haya angeishukuru ile pampu.

"Namtaka," nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Ami, namtaka."

Chini ya gari kikasikika kishindo cha kichwa kugonga chuma. Ami akachuchumaa haraka, akamuuliza kama ameumia. Wakazungumza kidogo huko chini, sikusikia. Kisha ami akasimama, uso umelowa machozi, akajifuta kwa kile kitambaa cha oili mpaka shavu likabaki jeusi.

"Anasema hajaumia," aliniambia. "Anasema huko chini hakusikia vizuri, anaomba useme tena."

Nikasema tena.